Mshenga wa Miyuji na Kidunia cha Barafu

Rehani Khamisi ni fundi makochi, na mwenyewe hakai. Ukitaka kumtesa mwambie aketi akusubiri. Karakana yake iko Miyuji, kando ya barabara, mabati machache juu ya nguzo za mti, na mbele yake hupangwa makochi ya watu: mengine yamevuliwa kitambaa mpaka mbao zinaonekana, mengine yamekwisha, yanang'aa ndani ya nailoni ili vumbi la Dodoma lisiyawahi. Pamoja na makochi yote hayo, yeye husimama. Chakula anakula amesimama. Akiongea na wewe anakuzunguka, anashika mkasi, anauweka, anachungulia barabarani, kisha anarudi kukuuliza mlifika wapi. Daktari mmoja alimwambia apunguze mwendo, apumzike. Rehani alimjibu kwamba atapumzika akizikwa, halafu akaomba akifungue kiti cha daktari aone ndani kuna nini, maana kilikuwa kinalia.

Tabia yake ndiyo hiyo. Hawezi kuona kitu kimefunikwa akakiacha. Tangu watumishi wa serikali waanze kuhamia Dodoma, makochi yao yamemfundisha mengi kuhusu binadamu. Nje mahameli ya rangi ya zabibu, ndani vipande vya maboksi, nyasi, na siku moja suruali ya mtu, nzima, na mkanda wake. Akikuta maajabu kama hayo huita wapita njia waje kuona. Wenye makochi hawapendi, lakini wanarudi, kwa sababu akishalishona kochi lako utakufa uliache.

Kazi yake ya pili haina malipo, na ndiyo anayoipenda zaidi. Rehani ni mshenga. Wazee wake walifika huku bara na misafara ya biashara, enzi za watu kutembea kwa miguu kutoka pwani, wakapumzika, wakaoa, wakasahau kuondoka. Katika familia zile za Waislamu wa mjini kijana akitaka kuoa hapeleki mdomo wake. Anatumwa Rehani. Naye hagongi hodi siku ya kwanza. Hupita njia ya nyuma akatazama kamba ya nguo, akanunua duka la jirani kiberiti asichokihitaji, akasifia mbuzi wa mtu. Haulizi kitu wazi. Akimaliza mizunguko yake anarudi kwa waliomtuma na kuwaambia nyumba ile ina nini, na hajawahi kukosea, au tuseme hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea.

Kuna na lugha yake. Katika ushenga hakuna anayesema hapana. Nyumba isiyotaka husema binti anasumbuliwa na kifua, au hajazoea kulala mbali na mama yake, au bado mtoto, akianza jambo halimalizi. Mshenga akisikia kifua anaaga kwa heshima, na kesho yake mnamkuta yule binti mwenye kifua anapandisha ndoo kichwani na kuimba. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyeaibika. Rehani amewahi kupewa vifua vitatu ndani ya mwezi wa Shaaban mmoja, na hakukasirika hata kidogo.

Mtoto wake wa pekee ni Salwa. Alisoma fizikia chuo kikuu, akahitimu vizuri, na sasa alikuwa akijitolea kufundisha sekondari huku akingoja ajira. Jioni akitoka shuleni hupita karakana, akae juu ya kochi lolote lililo zima, amsimulie baba yake habari za mbinguni. Siku hiyo ya Julai, upepo wa baridi umelikamata jiji, Rehani alikuwa anang'oa misumari kwenye kochi la bosi mmoja wa Area D, na Salwa alikuwa anazungumzia Erisi.

"Ni kidunia, baba. Kipo mbali kupita hata Pluto. Mwaka wake mmoja ni zaidi ya miaka mia tano ya kwetu. Kinaitwa sayari kibete. Juzijuzi wataalamu wamepiga hesabu ya kilichomo ndani yake."

Rehani aliacha msumari. "Ndani? Nani amefika?"

"Hakuna."

"Wamepeleka chombo?"

"Hata chombo. Kwenye darubini kubwa kuliko zote bado ni kidoa tu."

"Sasa wamekifunguaje?"

Salwa alicheka. Swali hilo alilitegemea. "Kina mwezi wake mmoja mdogo. Ule mwezi unavyokizunguka unatuambia kina uzito gani. Uzito tunao, ukubwa tunao, tunaona ni kizito mno kuwa barafu tupu. Kwa hiyo katikati kuna mwamba, tena mwingi. Juu ya mwamba kuna ganda la barafu, nene. Juu kabisa kuna utando wa gesi zilizoganda, mweupe pee."

"Enhe."

"Halafu kuna kingine. Vidunia kama vile hujizungusha haraka, saa chache tu kimeshageuka. Erisi kinachukua zaidi ya wiki mbili, sawasawa na muda ambao mwezi wake unatumia kukizunguka. Yaani vinatazamana uso kwa uso siku zote, havipeani mgongo. Yule mdogo ndiye aliyempunguza mwendo mkubwa. Na ni kadogo, baba! Kingekuwa kigumu mpaka ndani, kale kamwezi kasingekiweza. Kamekiweza kwa sababu ndani kinabonyea. Ile barafu ya chini, iliyo karibu na mwamba, ina joto kidogo, inajongea polepole kama asali nzito."

"Joto litoke wapi, na jua liko mbali hivyo?"

"Kwenye mwamba wenyewe. Mawe yana joto lake la ndani, yanalitoa kidogo kidogo tangu kale."

Rehani alizunguka kochi mara mbili, koleo mkononi. "Huo ni ushenga mtupu," alisema, na alikuwa amefurahi kama aliyekutana na ndugu. "Mimi nikitaka kumjua baba wa kijana, mtu mkali, anaongea kama anafukuza mbwa, simgongigongi. Namwangalia mtoto wake mdogo. Mtoto akimvuta kanzu na yeye akageuka, najua yule ndani ni laini. Ukali ni ganda." Akainama kwenye misumari yake. "Wazungu wamechelewa sana kugundua jambo hilo."

Mambo yangeishia hapo kama Rehani angekuwa mtu wa kutulia. Lakini wiki iliyofuata alianza kuona dalili. Salwa alifagia uwanja wa mbele asubuhi na jioni. Salwa alifua mapazia. Salwa, ambaye hajawahi kulalamikia kochi la nyumbani kwao lililotoka matumbo miaka mingi, maana fundi makochi kwake huwa hana kochi zima, alimwomba baba yake alishone, tena wiki hii hii. Kila bajaji ikisimama nje alikimbilia dirishani. Na mama yake, Kudra, kila Rehani alipoingia jikoni mazungumzo yalikatika, na wote wawili wakaanza kuzungumzia bei ya mafuta ya kula.

Mtu mwingine angeuliza. Rehani aliyekuwa amezisoma dalili hizo kwenye nyumba za watu maisha yake yote hakuwa na haja ya kuuliza. Binti anayefua mapazia anangojea wageni. Nyumba yake ilikuwa inachunguzwa, na mkewe alikuwa anajua. Usiku alijigeuza kitandani mpaka Kudra akahamia kwa Salwa. Mchana alishona mto wa kochi la mtu ndani nje, jambo ambalo hajalifanya tangu anajifunza kazi.

Mwenye duka la kona, Mbwana, ndiye aliyemmalizia. "Asalaam aleikum, fundi. Kuna mama mmoja amepita hapa, mtu mzima, na mkoba wake. Anamuuliza Salwa."

"Anamuulizaje?"

"Kiutu uzima. Tabia yake. Anaelewana na watu? Ana uvumilivu? Halafu akauliza kama wazazi wake ni watu wa kumwachia binti aende mbali."

"Mbali wapi?"

"Hakusema. Ila alisema baridi."

Rehani aliondoka bila kuchukua chenji. Mbali, na baridi! Basi bwana harusi yuko Ulaya, na amemtuma mwanamke ili wasishtukiwe. Alitembea mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akaenda tena. Salwa akiwa Kondoa angevumilia. Hata Mwanza, kuna basi. Lakini huko kwenye baridi mtu anamfikiaje mwanawe? Hakumtaka huyo bwana harusi. Hakuwahi kumwona na alimchukia, yeye na koti lake.

Kesho yake yule mama alifika karakana. Mwanamke wa Kigogo wa makamo, mrefu, kitambaa kichwani, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Shikamoo mzee. Naitwa Anyesi Mazengo."

"Marahaba mama. Karibu ukae."

Alikaa kwenye kochi la bosi wa Area D, akalipapasa mkono, akalisifia. Rehani alijisemea kwamba huyu anaijua kazi: ameanza kwa kusifia kitu cha mtu. Akabaki amesimama, mkasi mkononi, anakata kipande cha kitambaa ambacho hakikuhitaji kukatwa.

"Nadhani unajua kilichonileta, mzee."

"Najua, mama. Nyumba ni yangu, nikose kujua?"

"Vizuri. Basi sitakuzungusha. Binti mwenyewe hana tatizo, kila niliyemuuliza anamsifia. Ninachotaka kukijua ni ninyi. Ni mbali, mzee. Kule kuna baridi kali, na hatakuwa na ndugu. Nyumbani mko tayari kumwachia?"

Hapo ndipo Rehani alipolivuta jibu ambalo yeye mwenyewe alikuwa amepewa mara nyingi na kulipokea kwa heshima. "Mama, ungekuja kwa jambo lolote tungekusikiliza. Ila binti yetu ana kifua. Baridi haiwezi kabisa. Halafu hajawahi kulala mbali na mama yake. Na bado ana utoto, akianza jambo halimalizi."

Anyesi alimtazama. Alimtazama kwa muda hata Rehani akaanza kuzunguka meza.

"Hayo ndiyo majibu ya nyumba?"

"Ndiyo majibu ya nyumba, mama."

"Nashukuru kwa kunipokea." Akasimama, akachukua mkoba wake, akapungia bajaji.

Nafsi ya Rehani ilitulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alifunga karakana mapema, akanunua nyama, akafika nyumbani anapiga mluzi. Kudra alikuwa anachambua mchele sebuleni, Salwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi sakafuni, na kochi lao lililoshonwa upya limekaa pale kama mgeni wa heshima.

"Mama Salwa, wale watu wako nimewamaliza," alisema. "Mlidhani mimi sioni? Mama mwenyewe amekuja leo karakana. Nimempa kifua, ameondoka kwa adabu."

Mikono ya Kudra ilisimama juu ya ungo. "Mama gani?"

"Mshenga. Mgogo, mrefu. Anyesi."

Salwa aliinua kichwa. "Amekuja? Baba, ulimwambia nini?"

Akawaeleza. Alieleza kwa madoido, sauti ya yule mama na sauti yake, mpaka akaona kwamba hakuna anayecheka. Ndipo Kudra alipomwambia, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemtoa mtoto mwiba. Hakuna posa. Hakuna bwana harusi. Salwa aliomba nafasi ya kusoma Kanada, kwenye chuo kinachochunguza vidunia vile vya barafu, na kuna mfuko unaowalipia vijana. Mwaka huu amebaki yeye na wengine wachache. Mfuko humtuma mtu apite kwa familia bila taarifa, ajue kama binti akipelekwa atakaa. Mtu huyo ni Anyesi Mazengo.

"Mbona hamkuniambia?" Rehani aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Baba Salwa, unajua ulivyo. Ungejua, ungelala mlangoni kwa wale watu. Tulisema tukuambie jibu likishatoka."

Salwa hakulia. Ingekuwa heri angelia. Aliuliza tu, "Ulisema siwezi baridi, na nikianza jambo simalizi?" Kisha akarudi kwenye madaftari, akaweka vema, akaweka vema, akaweka vema kwenye ukurasa ambao hakuwa anausoma. Rehani alimtazama mtoto wake na akasikia uchungu ambao hakuujua jina. Alikuwa amemharibia. Yeye, ambaye angeuza karakana na mashine kama Salwa angeomba.

Hakuaga. Alirudi mbio kwa Mbwana, Mbwana akamwambia yule mama amefikia Msalato kwa mama yake mzazi, kesho anarudi Dar es Salaam kupeleka majibu. Rehani akakamata bajaji. Njia nzima alikuwa anainuka na kukaa hata dereva akamwomba achague moja. Walipopita eneo la uwanja mpya wa ndege aligeuza uso upande mwingine.

Anyesi alikuwa uani, khanga imefungwa kiunoni, anamenya karanga kwenye ungo. Alimwona, akamsogezea kigoda. Rehani hakukaa. Akaanza, kwa mazoea yake, na uani kuzuri, na mbuzi wenye afya, na mvua za mwaka huu zilivyokuwa Msalato ukilinganisha na mjini.

"Mzee," Anyesi alisema, "umekuja kwa bajaji kuniambia habari za mbuzi?"

Rehani akakwama. Tangu apate ndevu hajawahi kulisema jambo moja kwa moja. Aliuzunguka ungo wa karanga, akarudi mahali pake. "Nilidhani umekuja kuposa," alisema. "Yale maneno hayana maana. Kifua chake ni kizima. Anamaliza kila anachoanza. Nimekuja uyafute."

Anyesi alitupa ganda la karanga. "Sisi Wagogo nasi tunatuma watu kuposa, mzee. Unadhani kifua cha namna ile sikijui? Niliposikia kifua nilijua papo hapo kwamba binti ni mzima. Vyeti vyake ninavyo, na walimu wake wamesema yote. Sikuja kuuliza habari zake. Nilikuja kuuliza habari zako."

Rehani aligeuka akatazama mbuzi.

"Nilikuuliza kama utamwachia. Ukanijibu, kwa adabu zote, kwamba hutaki. Hilo halikuwa uongo, au lilikuwa?"

"Halikuwa."

"Mwaka juzi nilimpitisha binti wa watu. Baba yake alicheka mbele yangu, akasema mtoto wangu nendeni naye hata mwezini. Binti alipofika kule yule baba akampigia simu kila siku, mama yako amekonda, nyumba imekuwa pango, rudi. Akarudi kabla ya mwaka kwisha. Nafasi ikapotea, na yule binti hajarudi kuwa mtu aliyekuwa." Akasogeza ungo pembeni. "Sasa asubuhi hutaki, jioni unataka. Niambie, umebadilika wapi? Ndani ya bajaji?"

Hapo Rehani alikaa. Alikaa kwenye kigoda, magoti yamepanda hadi kifuani, na kwa muda hakushika kitu chochote mkononi. Angeweza kuapa. Maneno mazuri anayo, ameyatumia nyumba nyingi. Lakini mama huyu alikuwa amemzunguka wiki nzima, na alimwona kama yeye anavyowaona watu kwa kamba zao za nguo.

"Sijabadilika," alisema. "Sitaki aende. Akienda sijui nitaishi vipi, kwa sababu jioni ndiye anayenipitia karakana. Nitalia, mama, nisikudanganye. Nitampigia kila siku mpaka anichoke. Ila neno rudi hatalisikia kwangu. Hata akiniomba nilitamke."

"Hata akikuomba?"

"Hata akiniomba."

Anyesi aliuvuta ungo tena. Alichota karanga kwa viganja vyote viwili akamwekea mapajani, na Rehani, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya, alianza kumsaidia kumenya. Walimenya mpaka mbuzi wakaingizwa ndani. Alipokuwa anaondoka Anyesi alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kuna baba aliyemwambia ukweli, na hilo ndilo atakalolipeleka Dar.

Salwa aliondoka mwishoni mwa Agosti. Stesheni, kwenye treni ya kumpeleka Dar akapande ndege, Rehani alikagua kiti cha mtoto wake kabla ya mwenyewe kukikalia, akakibonyeza, akasema sponji ni ya kuridhisha. Treni ilipoanza kuondoka alitembea nayo hadi askari akamzuia. Kisha akalia mbele za watu, kama alivyoahidi.

Alitimiza na ahadi ya simu. Kila siku. Kumevaliwa koti? Kumeliwa? Kifua? Salwa alisema kizima, baba, na wakacheka. Kule karakana alizidi kuwa mkorofi. Alifungua makochi ambayo wenyewe walileta yabadilishwe miguu tu.

Simu ile ilikuja Februari. Kwa Salwa kulikuwa asubuhi, kwa baba yake jua linashuka, naye alikuwa sebuleni anazunguka kochi. Sauti ya mwanawe ilikuwa imevimba.

"Baba, siwezi tena. Hesabu zangu za miezi mitatu mwalimu amesema nianze upya. Theluji haiishi. Napita njiani hakuna hata mtu mmoja anayenisalimia. Baba, niambie nirudi. Ukisema nirudi, kesho natafuta tiketi."

Rehani alifika ukutani. Neno lilikuwa mdomoni, limejaa kama mate. Ni neno fupi. Alikuwa amelitaka tangu Agosti, alikuwa anaamka nalo, na sasa mtoto mwenyewe analiomba. Anyesi atajulia wapi? Akageuka, akafika ukuta wa pili.

"Salwa."

"Abee, baba."

"Kile kidunia chako. Ndani kina nini?"

"Baba, nakwambia..."

"Nimesahau. Nielezee."

Alimsikia anavuta kamasi. "Juu kuna utando. Gesi zilizoganda."

"Halafu?"

"Barafu."

"Ngumu?"

"Juu ngumu. Chini inajongea."

"Inajongea kwa nini, na jua liko mbali vile?"

"Joto la mwamba, si nilikwambia." Akapenga kamasi. Aliporudi alikuwa anaongea haraka kidogo. "Ila hatujui joto lenyewe lilitosha kiasi gani. Labda zamani kati ya mwamba na barafu kulikuwa na maji kabisa, bahari nzima imefunikwa. Hilo ndilo ninalolitafuta. Na mwalimu anasema ganda nimelifanya jembamba mno, ndiyo maana hesabu hazikubali. Nikiliongeza unene..." Akatumbukiza maneno ya kitaalamu ambayo Rehani hakuelewa hata moja. Yeye alisema enhe, enhe, akifuata sauti tu, mpaka ikawa ile ile ya karakana.

"Baba, nimechelewa darasani," Salwa alisema ghafla. "Nitakupigia kesho."

"Nenda, mama. Vaa koti."

Kudra alitoka jikoni akajifuta mikono, akamkuta mumewe amekaa. Amekaa kwenye kochi la nyumbani, upande aliozoea kukaa Salwa, mikono imelala mapajani, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumkuta hivyo, akashtuka.

"Baba Salwa, unaumwa?"

"Hapana," alisema Rehani. "Nimekaa tu."